PAYDAY 2: mamilioni kwenye skrini, mfukoni vijisenti

Ukimaliza kazi ya wizi kwenye mchezo wa video wa PAYDAY 2 ukaona mamilioni, halafu ukienda kununua bunduki hela haitoshi, hujaibiwa. Fungu kubwa huenda akaunti ya nje ya nchi, ambayo kazi yake hasa ni kununulia kandarasi, yaani kazi za wizi unazotaka kufanya. Bunduki na barakoa hutoka kwenye kile kidogo kinachobaki mfukoni. Na kila raia unayemuua unakatwa gharama ya kusafisha. Mfunge tu, mwenzako akishikwa na polisi, mateka huyo ndiye wa kubadilishana naye.

Sasa vita. Risasi hula deraya (vazi la kinga) kwanza, na risasi ya kawaida inayoimalizia deraya haigusi uhai, hata iwe kali namna gani. Inayofuata ndiyo inayokula nyama. Kwa hiyo deraya ikikatika, usijifanye shujaa: rudi nyuma ya nguzo, hesabu tatu polepole bila kupigwa, itajaa yenyewe, kisha chungulia tena. Wengi huanguka kwa sababu wanataka kummaliza askari mmoja zaidi.

Uhai wenyewe haujai hivyo, unahitaji begi la daktari. Nalo linafuta pia idadi ya mara ulizoangushwa, maana kwa kawaida ya nne unapelekwa rumande moja kwa moja. Skrini ikianza kupauka rangi, umebakiwa na nafasi moja. Nimeona watu wakilimaliza begi kwa mikwaruzo huku mwenzao anatembea na skrini ya kijivu!