Ukiongoza mjadala wa nikabu redioni

Naongoza kipindi cha mjadala cha asubuhi katika redio ya jamii hapa Mombasa, na sijaona mada inayojaza laini za simu upesi kama nikabu. Siasa nazo hujaza, lakini wapigaji wa siasa hufika mahali wakachoka. Wa nikabu hawachoki. Kila nchi ya mbali ikipitisha sheria ya kufunua uso, wasikilizaji hutaka tuizungumzie, maana huyu ana dada Uholanzi, yule ana shemeji Maskati anayepeleka watoto Uswisi wakati wa joto. Watangazaji wachanga huniuliza nafanyaje kipindi kisiishie kwa matusi. Kazi kubwa hufanyika kabla taa nyekundu haijawaka.

Swali kwanza

"Je, nikabu ipigwe marufuku?" Swali hili usilipeleke hewani. Mpigaji wa kwanza atalijibu kwa Kurani, wa pili kwa mabomu, wa tatu kwa kisa cha mwizi aliyevaa buibui mtaani kwao, na wote watadhani wanabishana kumbe kila mmoja yuko na swali lake. Mimi huandika swali kwenye karatasi na kulisoma neno kwa neno kila tukirudi kutoka kwa matangazo. Ndani yake lazima kuwe na vazi gani, mahali gani, nani anakataza na adhabu ni nini. Kwa mfano: "Je, ni haki polisi wa Uswisi amtoze faini ya faranga 100 mwanamke anayepita barabarani akiwa na nikabu?" Hapo mtu anajua anajibu nini.

Vazi lieleze mwenyewe, usimwachie mgeni. Hijabu hufunika kichwa na shingo, uso uko wazi. Nikabu huziba uso na kuacha macho. Burka ya Afghanistan ina wavu hadi mbele ya macho, na sijawahi kuiona hapa kwetu, ingawa ukisikiliza simu utadhani soko la Marikiti limejaa burka. Nusu dakika yatosha kusema haya, na yatakuokoa na simu za "wanakataza hijabu" katika mjadala ambao hauhusu hijabu hata kidogo.

Upande wa pili nao una mtego wake. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 11 Oktoba 2010 haitaji vazi lolote la dini. Inasema tu kwamba mtu yeyote haruhusiwi kuvaa, mahali pa umma, vazi la kuficha uso. Anayeitetea atakushikia hapo: mbona Uislamu haukutajwa? Basi uwe tayari kusema pia kwamba Juni 2009 Rais Nicolas Sarkozy aliwaambia wabunge waliokutana Versailles kuwa burka haikaribishwi Ufaransa, na sheria ikazaliwa katika mjadala huo. Msikilizaji ana haki ya kusikia maandishi ya sheria na ya kujua ilikotoka.

Kuhusu mahali, usiseme "Ulaya wamekataza." Ufaransa, Ubelgiji, Austria, Denmark na Uswisi hukataza hata barabarani. Uholanzi, tangu Agosti 2019, hukataza shuleni, hospitalini, ndani ya usafiri wa umma na katika majengo ya serikali, lakini mtaani mtu anatembea na nikabu yake. Uingereza haina sheria kama hiyo. Dada aliyeko Rotterdam akisikia umemwambia mama yake kuwa hawezi kutoka nje ya nyumba, atakupigia simu wewe.

Karatasi ya mambo ya hakika

Huwa nina karatasi moja, upande mmoja tu, herufi kubwa, kwa sababu hewani macho hayana muda wa kutafuta. Ya Uswisi nimeiandika hivi: kura ya maoni tarehe 7 Machi 2021, waliokubali asilimia 51.2. Serikali na bunge walikuwa wamewashauri wananchi waikatae. Waliopeleka pendekezo ni kundi lilelile lililoshinda kura ya kukataza minara ya misikiti mwaka 2009. Sheria ilianza tarehe 1 Januari 2025. Faini ya papo hapo faranga 100. Ukigoma kulipa na mambo yakafika mbele, inaweza kupanda hadi 1,000. Haihusu misikiti na makanisa, wala ndani ya ndege, wala anayejifunika kwa sababu ya baridi, afya au sherehe za kienyeji kama zile za vinyago. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lucerne walikadiria kuwa wanawake wanaovaa nikabu nchi nzima ni makumi machache tu.

Hilo la mwisho lisome polepole. Nililitaja mara ya kwanza na fundi mitambo wangu, ambaye huwa hasemi kitu, akaniandikia kwenye kioo: "Wote hao wanaingia daladala mbili?" Hapa tunaita matatu, lakini yeye kakulia Tanga.

Usalama uachie nafasi yake

Kuna watangazaji wanaoogopa mpigaji anayesema "magaidi hujificha humo," wakamkata. Usimkate. Katika mji huu si porojo. Tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu waliovaa buibui waliingia Kituo Kikuu cha Polisi wakisema wamekuja kuripoti simu iliyoibiwa. Akatokea mwenye kisu, likarushwa bomu la petroli, na wote watatu wakapigwa risasi wakafa. Wengi wetu tunakumbuka jinsi wiki zilizofuata mama wa watu alivyokuwa akitazamwa mlangoni mwa benki. Mpigaji anayekumbuka siku hiyo ana haki ya kuisema.

Kisha mpe yaliyotokea Chad. Juni 2015 mabomu yaliua watu wengi mjini N'Djamena, na siku mbili baadaye waziri mkuu akatangaza marufuku ya kufunika uso, pamoja na agizo la kukusanya nikabu sokoni na kuzichoma. Mwezi haukuisha. Tarehe 11 Julai mwanamume aliyejivika kama mwanamke akajilipua katika soko kuu la mji huohuo. Mtetezi wa marufuku atasema: umeona, ndiyo maana tunakataza. Mpinzani atasema: umeona, marufuku haikumzuia. Wote wawili wana hoja, nawe usiwaamulie. Wape swali linalofuata: je, shida ingeisha kwa kumtaka kila mtu aonyeshe uso anapokaguliwa, na mwanamke akakaguliwe na mwanamke mwenzake pembeni?

Hapo nimeshuhudia sauti zikishuka. Karibu kila mpigaji, wa msikitini na wa kanisani, anakubali uso ufunuliwe uwanja wa ndege, benki na anapopigwa picha ya kitambulisho. Ubishi unaobaki ni wa barabarani, na wa barabarani si wa usalama. Maoni yangu hayo, na hewani huyasema kama yangu.

Wageni

Mwite kwanza mwanamke anayevaa. Inashangaza ni vipindi vingapi nimesikia kuhusu nikabu vyenye wanaume watatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuivaa. Mgeni wangu wa kudumu ni mama anayeuza vitambaa. Alianza kuvaa ukubwani, mume wake hakupenda mwanzoni, na binti zake wawili hawavai. Maisha yake peke yake yanavunja nusu ya mambo ambayo pande zote mbili huja nayo.

Sasa la studioni, ambalo hukulifundishwa chuoni. Kitambaa cha nikabu kikigusa maikrofoni hutoa sauti ya mkwaruzo, na kila herufi ya "p" inapuliza. Usimwambie avute kitambaa. Sogeza maikrofoni wewe: iweke usawa wa shavu, pembeni ya mdomo, upana wa kiganja kutoka usoni, ikielekea kwenye kona ya midomo. Mjaribu sauti kwa kumwambia ahesabu bei za vitambaa vyake, atalegea. Hedifoni nazo zivaliwe juu ya kitambaa, na mwonyeshe mahali pa kuongeza sauti, kwa sababu kitambaa hupunguza kidogo.

Kamera ni habari nyingine. Siku hizi kila kipindi kinarushwa mubashara mtandaoni na watu wamesahau kuuliza. Muulize mgeni kabla hajaketi, bila watu wengine kusikia, ili akikataa asione haya. Akikataa, kamera ielekee kwako. Kipindi hakitakufa.

Ustadhi mwite, lakini mwambie mapema kwamba hatoi fatwa, anaeleza ikhtilafu, yaani tofauti za maoni ya wanazuoni. Mwombe azungumzie Hadithi inayosema mwanamke aliyehirimia, yaani aliyenuia Hija au Umra, asivae nikabu wala glavu. Anayesema nikabu si wajibu huitumia: ingekuwa wajibu, ingekatazwaje mahali patakatifu? Anayesema ina asili huitumia hiyohiyo: kama hawakuwa wakiivaa siku nyingine, wangekatazwa nini? Nimeona Waislamu waliokulia madrasa wakisikia hoja zote mbili kwa mara ya kwanza. Pia msikilizaji asiyekuwa Mwislamu anahitaji kujua kuwa ubishi huu upo ndani ya nyumba. Mwaka 2009 Sheikh wa Al-Azhar, taasisi kubwa ya elimu ya Kiislamu nchini Misri, Muhammad Sayyid Tantawi, alimwambia mwanafunzi avue nikabu darasani, na taasisi yake ikaikataza katika madarasa ya wasichana peke yao.

Wakili umpe dakika zake za mwisho, na umwombe aseme jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya mwanamke Mfaransa aliyetajwa kwa herufi S.A.S. tu. Alisema havai kila siku, hakulazimishwa na mtu, na yuko tayari kufunua uso akikaguliwa. Alishindwa. Lakini Mahakama haikuikubali hoja ya usalama kwa marufuku ya jumla namna ile, wala hoja kwamba anakingwa haki zake kama mwanamke. Hoja iliyokubaliwa ni moja: kwamba Ufaransa inaweza kutaka watu waonane nyuso ili waishi pamoja. Majaji wawili kati ya 17 walipinga. Miaka minne baadaye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika malalamiko ya wanawake wengine wawili, ikasema Ufaransa imevunja haki zao. Kwa hiyo ukiwa na mgeni anayesema "dunia imeshaamua," muulize dunia ipi.

Kwa kwetu, wakili asiache kusoma kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010. Katika orodha ya mambo ambayo Serikali haiwezi kumbagua mtu kwayo, pamoja na dini na kabila, mavazi yametajwa kwa jina.

Simu zikianza

Mpigaji akisema "hawa maninja," usimhubirie. Rudia maneno yake kwa jina la heshima, "wanawake wanaovaa nikabu, unasema…", umwache aendelee. Wengi hujirekebisha wenyewe. Akirudia mara ya tatu kwa kusudi, mshukuru, laini nyingine.

Mume akipiga kueleza kwa nini mke wake huvaa, muulize kwa upole: "Bibi yuko karibu?" Kama yuko, apewe simu. Hapa pana nafasi nzuri ya kutaja kwamba sheria ya Ufaransa humtoza anayevaa hadi euro 150 au humpeleka kwenye mafunzo ya uraia, lakini anayemlazimisha mwanamke kujifunika uso anaweza kufungwa mwaka mmoja na kutozwa euro 30,000. Wapigaji wanaume husikiliza sana kipengele hicho.

Lazima atatokea wa kuuliza mbona mwaka 2020 Wafaransa walilazimishwa kuvaa barakoa ndani ya treni huku nikabu ikiendelea kukatazwa. Jibu la kisheria ni fupi: sababu za afya zilikuwa zimeruhusiwa tangu mwanzo. Lakini usiridhike na hilo. Mwulize mtetezi wa marufuku kama watu waliacha kuishi pamoja miezi ile yote, umwachie muda wa kufikiri. Kimya cha sekunde tatu redioni hakiui mtu.

Atakayesema "kwao Wazungu ni kwao, ukienda Roma fuata ya Warumi" mrudishie upande wa pili: mwanamke aliyezaliwa Lyon, Ufaransa, afuate ya wapi? Na atakayesema hii ni vita dhidi ya Uislamu mkumbushe kuwa Chad ni nchi ya Waislamu wengi. Kila mmoja apate lake, kwa sauti ileile.

Kipindi kikiisha

Vipande vya mtandaoni vikatwe na mtu aliyesikiliza kipindi chote. Sentensi moja ya ustadhi, au kilio kimoja cha mpigaji, kikizunguka WhatsApp bila kilichotangulia, kesho kutwa utaitwa ofisini. Mimi hutoa kipande chenye swali na majibu mawili yanayopingana, hata kama ni kirefu na watu hawatakipenda.

Mgeni wako anayevaa nikabu mpigie jioni umuulize kama kuna aliyemsumbua sokoni. Sauti ya mtu hutambulika hata jina lisipotajwa. Na namba yake usimpe mtu, hata akisema ni ndugu yake wa damu. Anayemtaka aache namba yake mapokezi, mwenyewe ataamua kama atampigia.