Stelingi ngumu kwenye gari la zamani: tafuta ubovu kabla ya kununua pampu

Gari likianza kuwa na stelingi ngumu, jibu la haraka gereji ni "pampu imekufa". Pampu ya mtumba hufungwa, siku mbili usukani unakuwa laini, kisha ugumu unarudi pale pale. Pampu inakufa kweli, lakini kabla ya kuifikia kuna mambo manne matano ya bei ndogo ambayo mtu mwenye jeki na spana namba 12 na 14 anaweza kuyapima mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa stelingi ya haidroliki, yaani inayosaidiwa na mafuta maalumu (ndiyo tunayoyaita haidroliki) yanayosukumwa na pampu inayozungushwa na mkanda wa injini: Corolla AE100, Mark II, RAV4 za mwanzo, Noah za zamani, Hilux na wenzake. Fungua boneti utafute kikopo kidogo ambacho mfuniko wake una mchoro wa usukani. Vitz na IST hazina kikopo hicho kwa sababu zinasaidiwa na mota ya umeme. Huko anza na fyuzi, betri na oltaneta.

Hatua ya 1: Ni ngumu kivipi?

Simamisha gari kwenye tambarare, injini iwe sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), zungusha usukani kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto. Usiushikilie mwisho zaidi ya sekunde 5, maana hapo presha inapanda hadi kikomo na haidroliki inachemka.

Ikiwa ngumu pande zote na ukipiga resi inalegea, shuku haidroliki kupungua, mkanda, au pampu iliyochoka. Ikiwa ngumu upande mmoja tu, usiiguse pampu: presha yake ndiyo inayotumika kulia na kushoto, kwa hiyo ubovu uko kwenye raki (chuma cha chini kinachosukuma matairi kulia na kushoto), ama vali ama sili (mipira inayozuia mafuta kuvuja). Ikikwama na kuachia mahali pale pale kila mzunguko, kagua krosi (kiungo cha kupinda) ya shafti ya stelingi. Mara nyingi imekauka au imeshika kutu.

Joto nalo linasema mengi. Asubuhi ya Julai pale Arusha haidroliki huwa nzito, na stelingi inayogoma dakika chache kisha ikalegea inaonyesha sili za vali ya raki zimelika. Ile iliyo laini asubuhi lakini ikawa ngumu ukishafika mjini ndiyo ya pampu: haidroliki ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya ndani ya pampu iliyolika.

Kama hakuna mlio na kikopo kimejaa, pima upepo kwanza. Tairi lenye upepo mdogo wa psi 18 hufanya usukani mzito hata kama pampu ni mpya. Kisha inua mbele, weka stendi, zima injini na uzungushe. Ukihisi kukwama hata matairi yakiwa hewani, tatizo ni la vyuma: krosi, boljointi au raki yenyewe.

Hatua ya 2: Kikopo na uvujaji

Haidroliki nzima ni nyekundu na inapenya mwanga. Ikiwa ya kahawia imezeeka, nyeusi yenye chembe laini ni mpira wa hosi unaomomonyoka, na ikimetameta kama vumbi la chuma, pampu inajila. Povu ni hewa, na hewa ndiyo inayolia ngurumo ile unapokata kona. Tazama kiwango injini ikiwa sailensa, izime, tazama tena: kikipanda zaidi ya milimita 5, kuna hewa ndani.

Mfumo huu umefungwa, haidroliki haiishi kwa kutumika. Ikipungua, imetoka mahali. Osha pampu, hosi na raki kwa brashi na dizeli, kausha, endesha nusu saa, kisha laza boksi lililofunguliwa chini ya gari usiku kucha. Hosi ya kurudishia huvuja kwenye klipu. Sili ya shafti ya pampu hulowesha nyuma ya puli na kurushia mkanda mafuta. Raki huficha: minya buti za mpira pembeni, na ikiwa laini na nzito kama pakiti ya maziwa, sili ya mwisho wa raki imekwisha. Buti iliyopasuka na kuingiza vumbi la Simanjiro huchubua shafti ya raki, na shafti yenye michubuko itakata sili mpya ndani ya muda mfupi. Hapo badilisha raki nzima.

Kuna uvujaji usioacha tone. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kivali kidogo kwenye pampu chenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kupandisha sailensa unapokata kona. Kikipasuka ndani, injini inafyonza haidroliki na kuichoma: moshi mweupe nyuma, kikopo kinashuka, chini ni pakavu. Watu wamefungua injini kwa sababu ya kivali hiki! Chomoa mpira mmoja. Ukikuta mafuta mekundu ndani, umempata mwizi. Kwa muda, ziba mipira yote miwili upande wa injini. Sailensa itashuka kidogo ukikata kona, basi.

Hatua ya 3: Mkanda

Bonyeza mkanda wa pampu kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ushuke kama milimita 10. Mlio mkali wa kukwaruza usukani ukifika mwisho ni mkanda unaoteleza. Ukiwa unang'aa pembeni au umelowa haidroliki, kuukaza hakusaidii, weka mpya. Unapokaza usiegemeze mtaimbo kwenye kikopo wala bomba la pampu.

Hatua ya 4: Kubadili haidroliki na kutoa hewa

Nunua lita 2 za ATF (mafuta ya gia otomatiki) ya Dexron II au III kwa Toyota nyingi za umri huu. Honda ina haidroliki yake, usichanganye. Mafuta ya breki hayaingii humu kabisa. Wanaoyaweka "kuziba uvujaji" wanavimbisha sili, uvujaji unapoa kidogo, halafu sili zote zinalainika kwa pamoja.

Inua mbele kwa stendi. Nyonya kikopo kwa bomba la sindano la cc 50. Kama ndani kuna chujio la wavu, kioshe. Likiziba, pampu inanyonya hewa na kulia hata ikiwa nzima. Chomoa hosi ya kurudishia, iingize kwenye chupa, na uzibe tundu lake kwenye kikopo. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako azungushe usukani mwisho hadi mwisho huku wewe unamimina, hadi itoke nyekundu safi. Kikopo kisikauke hata mara moja.

Rudisha hosi, jaza, zungusha tena mara 15 hivi bila kuwasha. Ndipo uwashe, uzungushe taratibu, uzime na uache mapovu yapande. Rudia hadi povu liishe.

Vipuri

Hosi ya kurudishia unaweza kubadili kwa mpira unaostahimili haidroliki ya moto na klipu nzuri. Ile ya presha hapana: ipeleke kwa wanaobana mipira ya haidroliki ya matrekta. Ukiifunga kwa klipu ikaachia, haidroliki inarukia manifodi ya eksozi na inaweza kuwaka moto. Ukishusha raki, funga usukani usizunguke, la sivyo waya wa eabegi unakatika. Baada ya kuirudisha, nenda kapime alaimenti (mwelekeo wa matairi).

Ikifia njiani

Usukani bado unafanya kazi, ila unahitaji mabega. Kwenye mteremko wa Marangu kwenda Himo usizime injini kushuka frii: stelingi inakuwa ngumu kabisa na breki zinapoteza msaada wake. Kama kikopo ni kikavu na mkanda unazungusha pampu ya stelingi peke yake, utoe ili pampu isisagike, uendeshe polepole hadi gereji. Kama mkanda huo huo unazungusha pampu ya maji, uache ulipo na utafute wa kukuvuta.