Pima maneno ya wimbo kabla kwaya haijauimba

Nafundisha kwaya hapa Kigoma mjini. Wimbo mpya ukiletwa, hata kama vijana wameshaupenda, haufiki mazoezini kabla sijaupima. Wakolosai 3:16 inahesabu kuimba kuwa ni kufundishana, kwa hiyo anayechagua nyimbo anafundisha kanisa, atake asitake.

Hatua ya 1: Zima kinanda. Andika maneno yote kwenye daftari, na kiitikio, uyasome kwa sauti ya kawaida.

Hatua ya 2: Pigia mstari vitenzi. Angalia nani anatenda. Tuliwahi kuletewa wimbo wenye nitainuka, nitashinda, nitamiliki, nitacheka. Mungu hakufanya lolote mle, alitajwa mwishoni tu. "Mimi" peke yake si kosa, Zaburi zimejaa mimi. Lakini aliyeimba Zaburi ya 13 analia kwa Mungu, anamdai jibu, kisha anautegemea wokovu wake.

Hatua ya 3: Unaongea na nani? "Baba, asante kwa kufa msalabani." Hapana, aliyekufa ni Mwana. Mapambio ya papo kwa papo huteleza sana hapa. Imba "asante kwa kumtoa Mwanao", mdundo haupotei.

Hatua ya 4: Fungua mstari uliochukuliwa, usome sura nzima. "Kichwa wala si mkia" imetoka Kumbukumbu la Torati 28:13, na sharti la kutii limo mle mle. Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, ni barua kwa mateka wa Babeli, na mstari wa 10 unawatajia miaka 70. Watu wazima walioisikia ikisomwa, wengi wao walizeekea ugenini. Kuimba tuimbe, ila na subira yake iwemo.

Hatua ya 5: Upeleke msibani. Tulimzika mvuvi wa Kibirizi aliyezama usiku ziwa lilipochafuka. Kwaya ilikuwa na wimbo unaosema aombaye hafikiwi na baya. Mama wa marehemu, mtu wa maombi ya alfajiri miaka yote, alikuwa amekaa mkekani mbele yetu, kanga ya mwanawe mapajani. Nilifungua kinywa kuuanzisha, nikashindwa. Tangu siku ile kila wimbo nauimba kwanza moyoni nikimwona yeye.

Wimbo ukikwama, usiutangaze mbele ya kwaya. Mwite mtunzi pembeni, mkae na Biblia na kalamu. Mara nyingi ni ubeti mmoja tu unaoandikwa upya.