Kulinda Mifupa Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Majibu ya maabara yanapoonyesha kuwa kalsiamu ya damu iko sawa, baadhi ya watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huona hawana haja tena ya vidonge, na hapo ndipo kosa huanzia. Mwili haukubali kalsiamu ya damu ishuke, kwa sababu moyo, misuli na mishipa ya fahamu huitegemea kila dakika. Chakula kisipoleta ya kutosha, tezi nne ndogo za parathiroidi zilizoko shingoni hutoa homoni inayochota kalsiamu mifupani na kuipeleka kwenye damu. Hivyo damu inaweza kuonekana nzuri kwa miaka kadhaa huku mfupa ukiendelea kuliwa.

Aliyefanyiwa baipasi, yaani upasuaji unaopunguza tumbo na kuliunganisha na utumbo kwa njia ya mkato, yuko hatarini zaidi, kwani chakula chake huruka duodeni, ambayo ni sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na kipande kinachoifuata, sehemu ambazo hufyonza kalsiamu kwa ufanisi mkubwa. Aliyepunguzwa mfuko wa tumbo peke yake hajasalimika, maana anakula kidogo na asidi ya tumboni mwake imepungua.

Miongozo ya upasuaji huu inapendekeza miligramu 1,200 hadi 1,500 za kalsiamu kwa siku, chakula na vidonge vikijumlishwa, kwa aliyefanyiwa baipasi au kupunguzwa tumbo. Aina za upasuaji zinazoruka sehemu kubwa zaidi ya utumbo huhitaji 1,800 hadi 2,400. Daktari wako ndiye atakayekupangia kiasi chako hasa, lakini zijue namba hizi kabla ya kwenda duka la dawa.

Ukifika huko, omba kalsiamu sitrati. Kalsiamu kaboneti ndiyo rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu, ila huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke vizuri, na asidi hiyo ndiyo iliyopungua, hasa kama unatumia pia dawa za vidonda vya tumbo. Kisha geuza chupa usome maandishi madogo, kwa kuwa uzito wa kidonge si uzito wa kalsiamu iliyomo: kidonge cha miligramu 1,250 za kaboneti kina miligramu 500 tu za kalsiamu yenyewe, na miligramu 1,000 za sitrati hutoa takriban 210. Mfamasia asikuharakishe, mwambie umefanyiwa upasuaji gani na umwombe mfanye hesabu hiyo pamoja. Vidonge vya sitrati ni vikubwa, kwa hiyo katika miezi ya mwanzo ulizia vya kutafuna au vya unga.

Jambo linalowashinda wengi ni saa za kumeza. Utumbo haufyonzi vizuri zaidi ya miligramu 500 hadi 600 kwa mkupuo mmoja, hivyo kumeza dozi ya siku nzima asubuhi ili uimalize ni kuipoteza. Kalsiamu na madini chuma nayo hugombania njia, na kati yake paachwe angalau saa 2. Dawa ya thairoidi itengwe kwa saa 4. Tuseme unameza miligramu 500 pamoja na chakula cha mchana, nyingine 500 wakati wa chakula cha jioni, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 unachokinywa kwa funda ndogondogo asubuhi kinakupa takriban 300. Hapo umefika 1,300, na madini chuma utayameza kabla ya kulala, kwa maji, si kwa chai.

Bila vitamini D kazi yote hii ni bure, maana ndiyo inayousaidia utumbo kupokea kalsiamu. Kiasi cha kuanzia kinachopendekezwa ni yuniti 3,000 za vitamini D3 kwa siku, sawa na mikrogramu 75, hadi kipimo cha damu kivuke nanogramu 30 kwa mililita. Kuishi penye jua kali hakutoshi kuwa kinga: ngozi nyeusi hutengeneza vitamini hii polepole, na anayeshinda ofisini au anayevaa buibui hupata jua kidogo sana.

Katika chakula, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari, sukuma wiki na uji wa wimbi uliochachushwa vinafaa. Mchicha ni mboga nzuri, lakini oksalati yake, kemikali ya asili iliyomo kwenye mboga hiyo, huifunga kalsiamu, kwa hiyo usiuhesabu. Wapo wanaoacha kalsiamu kwa kuogopa mawe ya figo, kumbe baada ya baipasi mambo huwa kinyume: kalsiamu inayomezwa pamoja na mlo huikamata oksalati utumboni kabla haijafika kwenye figo. Kunywa maji ya kutosha, na usiache vidonge bila kuelekezwa.

Mfupa pia unahitaji protini, angalau gramu 60 kwa siku, na unahitaji kubebeshwa mzigo. Kutembea kwa kasi, kupanda ngazi na kunyanyua vitu vizito kiasi huusaidia kuliko kuogelea. Sigara na pombe huuharibu.

Unapokwenda kliniki, usiridhike na kipimo cha kalsiamu peke yake. Omba vitamini D na homoni ya parathiroidi vipimwe pia, na ulizia kipimo cha msongamano wa mifupa miaka 2 baada ya upasuaji. Ukiandikiwa vidonge vya kuimarisha mifupa, mkumbushe daktari kuwa ulifanyiwa upasuaji, kwa sababu baadhi yake huweza kuchubua tumbo lililoshonwa, na vikianzwa kabla vitamini D haijarekebishwa vinaweza kuishusha kalsiamu ya damu ghafla. Ukihisi ganzi kuzunguka midomo au kwenye ncha za vidole, au misuli ikikaza yenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.