Fungua Kwanza, Ndipo Uoshe: Kusafisha Pambo la Meza la Kifaransa

Pambo la katikati ya meza lenye bakuli la kioo juu ya mguu wa shaba nyeusi iliyopakwa fedha, kama yale ya Ufaransa ya karne ya 19, halioshwi likiwa zima. Maji yakishapenya kwenye kiungo hayatoki kirahisi. Yanalainisha plasta iliyoshika kioo, na baadaye ukijani, yaani kutu ya shaba, unaanza kutambaa pale pale.

Lilaze juu ya taulo nene, kisha tazama chini. Mara nyingi utakuta nati iliyobana skrubu ndefu inayopita katikati ya mguu. Ikiwa imeganda, tia tone la mafuta mepesi uiache hadi kesho yake, halafu tumia spana inayoienea sawasawa. Unapozungusha, shika mguu, kioo kisiguswe. Kila kipande kinachotoka kipige picha. Kioo kilichogandishwa kwa plasta usikilazimishe, kifute tu kwa kitambaa chenye unyevunyevu.

Kabla ya kung'arisha chochote, tafuta mihuri. Tangu 1797 muhuri wa fundi wa fedha halisi huko Ufaransa umekuwa ndani ya umbo la almasi, lililosimama kwa ncha, na wa vitu vilivyovikwa fedha ndani ya mraba. Muhuri wa kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Kirumi, ulioanza 1838, ni wa fedha halisi. Ukiona mraba, jua unashika ngozi ya fedha nyembamba mno. Na bakuli je? Alama ya Baccarat, kiwanda cha vioo cha Ufaransa, iliyochorwa kwa asidi ilianza 1936, kwa hiyo ukiikuta juu ya mguu wa karne ya 19, bakuli hilo lilibadilishwa. Muuzaji akikuambia vingine, mwache aongee.

Weusi wa fedha hutokana na salfa iliyo hewani. Dawa ya meno ni msasa, iache bafuni. Mimi hutumia unga laini wa chaki uliolowekwa kidogo kwa maji yaliyotoneshwa, kwa pamba, bila kukandamiza. Pamba kuwa nyeusi ni kawaida. Ila kwenye pua za sanamu na ncha za majani, rangi ya shaba ikianza kuchungulia, simama hapo hapo: fedha imekwisha, na kusugua hakutairudisha. Weusi ulio ndani ya mikunjo siugusi kabisa. Ukiutoa wote, mchongo unaonekana bapa, kama umetoka kiwandani jana.

Kioo kioshe peke yake kwenye beseni la plastiki, kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Maji ya moto yanaweza kukipasua.

Unaporudishia, weka washa, yaani kiduara chenye tundu, ya ngozi au ya gome la vizibo vya chupa kati ya kioo na chuma, kaza nati kwa vidole tu. Bakuli lisipocheza, inatosha. Spana ndiyo inayopasua vioo hivi. Ukilihifadhi, lifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, si sufu wala mipira ya kufungia, maana vyote viwili vina salfa.