Namna ya Kulilegeza Neno Linapokwama

Mwenye kigugumizi anayepanda daladala jijini Dar es Salaam huifahamu vyema hofu ya kumwambia konda "Shusha Buguruni", na wapo wanaoona heri wapitishwe kituo, warudi kwa miguu, kuliko kulikabili neno lenyewe. Mbinu zifuatazo, zilizoasisiwa na Charles Van Riper, mtaalamu wa Marekani ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, hazikusudii kukifuta kigugumizi bali kuondoa kule kujikaza kunakoambatana nacho.

Anza kwa kujichunguza mbele ya kioo. "Buguruni" hukwamia midomoni, "Kariakoo" hukwamia nyuma ya ulimi, nawe huenda ukagundua pia kwamba hufumba macho au huzuia pumzi.

Hatua ya kwanza ya mazoezi huja baada ya neno, si kabla yake. Liache likwame hadi liishe, nyamaza kidogo, legeza taya na midomo, kisha lirudie polepole kwa ulegevu. Usilirudie ili litoke safi, kwa maana hapo utakuwa umerudi kulekule kwenye kuficha. Ukishazoea, hamia katikati ya neno: unapohisi midomo imebanana kwenye B, usisukume wala usianze upya, bali punguza mkazo taratibu huku sauti ikiendelea kutoka, mpaka irabu ifuate. Mwisho ndipo unapojiandaa kabla ya kutamka, midomo ikigusana kwa wepesi tu. Wanaoanzia hapa kwa sababu panaonekana pa haraka hujipotezea muda, kwa maoni yangu, kwani kinywa bado hakijazoea kulegea.

Fanya hayo nyumbani kwanza, kisha kwenye simu, kisha dukani kwa Mangi, ambako unaweza hata kugugumiza kwa makusudi, "S-s-sukari robo", na kumtazama usoni anapokupimia. Zoezi hili huchukiza mwanzoni, lakini hofu hupungua kwa yule aliyekwisha kujifichua mwenyewe.

Kwa mtoto mdogo mbinu hizi hazifai, na watoto wengi huachwa na kigugumizi wanapokua. Mzazi azungumze naye bila haraka, asimmalizie maneno, asimwamuru avute pumzi. Hali ikidumu kwa miezi kadhaa, aulizie tiba ya usemi katika idara ya masikio, pua na koo ya hospitali kubwa, na awahi, kwa kuwa wataalamu wake nchini ni wachache.