Pancha: mambo ya kuzingatia kabla hujaingia barabarani

Madereva wengi wanajua kubadilisha tairi. Kinachowakwamisha njiani ni kifaa ambacho hakimo garini, au kimo lakini kimekufa. Maandalizi ya pancha hufanyika nyumbani, mchana, gari likiwa mahali tambarare.

Anza na spea, yaani tairi la akiba, maana ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Hukaa miezi bila kuguswa huku upepo ukipungua kidogo kidogo. Ipime kila unapopima tairi nyingine. Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva; kwa magari mengi ya saluni ni kati ya psi 30 na 35. Spea nyembamba ya muda huhitaji zaidi, kwa kawaida 60, na ukiifunga usizidi kilomita 80 kwa saa. Kwenye pikapu spea huning'inia chini ya gari. Ishushe mara mojamoja, kwa sababu kutu ikishika pale haitashuka siku ya shida. Baadhi ya magari madogo ya Japani hayana spea kabisa, yamewekewa chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Hiyo dawa ina tarehe ya mwisho, isome.

Kisha nati. Gereji hupenda kuzikaza kwa mashine ya upepo, na spana fupi iliyokuja na gari haizitikisi. Jaribu kulegeza nati moja ya kila gurudumu ukiwa nyumbani, uikaze tena. Zikigoma, nunua spana ya msalaba. Kama gari lina nati za kuzuia wizi, hakikisha soketi yake imo ndani, si kabatini. Weka na kipande cha ubao cha kukalisha jeki penye mchanga au tope, na jiwe au kigingi cha kuzuia gurudumu. Legeza nati kabla ya kuinua gari, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Tochi, pembetatu mbili na kizibao kinachong'aa havihitaji maelezo. Ukilazimika kutumia matawi kuonya wenzako, yaondoe ukimaliza. Nasisitiza hili kwa moyo wote, kwani tawi linaloachwa barabarani usiku ni hatari kwa bodaboda anayekuja nyuma.

Mwisho, jua utamwambia nini fundi pancha. Kwa tairi lisilo na tyubu, kamba anayoichomeka kutoka nje ni ya kukufikisha tu. Mwombe alivue tairi kwenye rimu, atazame ndani, aweke kiraka chenye mkia unaojaza tundu. Simama uangalie mwenyewe: ukiona unga mweusi wa mpira umejikusanya ndani, au mstari uliochakaa umezunguka ubavu, tairi hilo lilikimbizwa bila upepo na halifai kuzibwa. Halikadhalika tundu la ubavuni, au linalozidi milimita 6 hata kama liko kwenye kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Fundi anaweza kukuambia litashika. Likatae, hasa kama unasafiri na familia.

Baada ya kufunga, kaza nati kwa kupishana, si kwa kuzunguka, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hivi.